Maji ya Tatu

Karibu nusu ya mwanga wa jua hatuioni. Nikisema hivyo watu hunitazama kama nimechanganyikiwa, lakini ndivyo ilivyo: sehemu hiyo ni infraredi, tunaisikia kwenye ngozi kama joto, basi. Paneli za kawaida za sola huiacha nyingi ipotee. Kazi yangu, miaka minne sasa, ni kuinasa.

Nainasa kwa nukta za kwanta, chembe ndogo mno zinazoelea kwenye kichupa, nyeusi kama kahawa. Kila chembe imevaa koti refu la mafuta. Nikishazipaka kwenye kioo, nazivua koti hilo kwa dawa na kuzivisha fupi, ili zikaribiane na kupitishiana umeme. Kisha nasuuza, naongeza tabaka, nasuuza tena. Tabaka kumi. Profesa anayenisimamia alitaka umeme wa miliampea nne chini ya taa ya infraredi, na seli zangu, vile vioo nilivyopaka, ziligoma kwenye mbili. Alishaniambia, kwa upole ulioniudhi kuliko kelele: Ijumaa saa sita mchana nisipofika nne, meza yangu ya maabara anapewa mwingine na mkataba wangu unaishia hapo.

Alhamisi nilibaki na kichupa kimoja, cha seli moja tu. Nikaogopa hata kukigusa. Nikaenda kwa shangazi yangu, dobi, aliyenilea tangu nina miaka mitano.

Chumba chake kilijaa mvuke. Mashuka yalining'inia kutoka dari hadi sakafu, na jua la alasiri lililopita humo lilikuwa jeupe kama maziwa. Nikakaa juu ya furushi la nguo, usingizi ukanipitia. Nikaziona chembe zangu zimepanga mstari, uchi, zinatetemeka kwa baridi, na hakuna iliyomshika mwenzake mkono. Nikaziuliza makoti yako wapi. Zote zikaninyooshea kidole.

Nilipofumbua macho, shangazi alikuwa anasuuza kitambaa chembamba. Alikichovya mara moja tu, akakitundika.

"Shangazi, bado maji mawili."

"Ya nini?"

"Si mara tatu? Ulinifundisha mwenyewe."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, ile ilikuwa kwa ajili yako! Ulikuwa mvivu, unaacha sabuni kwenye kola. Nikasema tatu, ili walau moja uifanye vizuri. Hiki nimekitia dawa ya kulainisha. Nikikipitisha maji matatu inatoka yote, kinabaki kinakwaruza."

"Miaka thelathini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na nguo zako zilikuwa safi."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka thelathini nimesuuza vikombe, mboga, nywele, na kila tabaka la kila seli, mara tatu tatu. Hata kwenye daftari la maabara sikuandika, maana nani huandika anavyopumua? Kumbe nilikuwa nazivua chembe zangu hata yale makoti mafupi. Hasira ikaniisha nikiwa bado nimeinua kidole. Nikambusu kwenye paji la uso lenye jasho, nikatoka mbio.

Ijumaa asubuhi nikapaka tabaka kumi, kila moja nikisuuza mara moja. Mkono wa kulia ulikuwa unarudi wenyewe kwenye chupa ya kusuuzia, ikabidi niushike kwa wa kushoto. Nikazima taa za chumba, nikawasha ile ya infraredi. Macho hayakuona kitu. Shavuni nikasikia joto dogo, na gizani namba za mita zikaanza kupanda taratibu: moja, mbili, tatu, nne na kidogo. Nikalia peke yangu mle ndani, kwa furaha na kwa uchovu.

Profesa alifika kabla ya saa sita. Akapima mwenyewe, akarudia kupima.

"Umebadilisha nini?"

"Kusuuza. Mara moja badala ya tatu."

"Nani alikushauri?"

"Dobi mmoja," nikasema.

Neno lile likaniuma mara tu lilipotoka. Yeye alishaanza kuandika.

"Ngoja, profesa. Si dobi mmoja. Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."