Mafuta Yake

Harufu ya zizi iliingia saluni kabla ya Wendy, aliyekuja kutiwa blichi nywele ziwe za dhahabu. Warigia, msusi wake, alibana pua.

"Umepaka nini kichwani?"

"Si ulisema nisioshe? Ati nywele ije na mafuta yake."

"Yake! Yale inatoa yenyewe, ngozi isichomwe na dawa. Hii ni nini?"

"Ya kondoo. Shosho alinipaka. Ati hata yeye alipakwa akiwa msichana," Wendy alimtetea bibi yake.

Warigia alitema mate nje ya mlango. Akamwinamisha kwenye sinki, akasugua huku akisonya, utelezi ukimganda vidoleni. Povu lilitoka kijivu kama maji ya kuoshea matumbo.

"Hakuna blichi leo! Nenda, nywele irudishe mafuta yake kwanza."

Wendy alipotoka, Warigia alinawa kwa sabuni, kisha kwa ndimu. Uvundo ulibaki. Lakini vidole vyake, vilivyopasukapasuka kwa miaka ya dawa, vilikuwa laini kama vya mtoto. Akavinusa, akakunja uso, akatoka mbio barabarani.

"Wewe Wendy! Hayo mafuta ya shosho, yamebaki?"