Hedifoni Alizonichagulia Hilda

Mimi nilitaka zile nyepesi. Naliweka wazi hilo mapema, kwa sababu ukoo mzima umeshanipaka matope kwamba nina kiburi cha mjini.

Kazi yangu naifanyia nyumbani, hapa mjini mtaa wa Kikuyu, kwenye kompyuta ya mezani. Natumiwa rekodi za mikutano, nasikiliza, naandika kila kilichosemwa. Jirani yangu anachomelea mageti, na akiwasha grinda yake, mwenyekiti wa mkutano simsikii tena. Ndiyo maana nikaenda dukani kununua hedifoni, na mdogo wangu Hilda, ninayeishi naye, akanisindikiza.

Muuzaji alitoa aina mbili. Nyepesi za sponji, zinazokaa juu ya sikio na kuacha sauti za nje zipite, na nyingine nene zinazomeza sikio zima. Nilipovaa hizo nene, nikaona mdomo wa muuzaji unacheza tu.

"Hizi zitanifanya kiziwi," nikasema. "Mtu akipiga hodi je?"

"Dada, mimi si nipo?" Hilda akacheka. "Mtu akija nakugusa bega. Chukua hizo nene, ufanye kazi kwa raha."

Angekuwa mtu baki ningebisha, najijua. Hilda nikamwamini. Na kweli alinigusa bega kila alipokuja mtu: mama wa maziwa, katekista, mpaka muuza karanga.

Baba yetu alipofariki aliacha shamba la alizeti Kongwa, mikononi mwa mdogo wake, baba mdogo Nathanaeli, alitunze mpaka atakapotugawia sisi wawili. Siku moja alikuja mjini kwa ajili hiyo. Mimi sikujua kwamba amekuja. Nilijua wiki iliyofuata, nilipompigia simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

Kimya. Mzee huyu hajawahi kuninyima marahaba tangu nijue kusema.

"Nilisimama mlangoni pako," akasema mwishowe. "Nikapiga hodi mara tatu. Mgongo wako nauona, na wewe hugeuki. Hilda akaniambia umenisikia, ila siku hizi hutaki watu wa shamba. Basi, shamba lote nimempa yeye."

Kwetu Wagogo mzee haingii kwa mtu bila kukaribishwa. Hodi ya tatu isipojibiwa, anageuka na kwenda zake, na tusi hilo analibeba mpaka kwao. Hilda analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Sijui kama alishalipanga tangu dukani, au lilimjia palepale mlangoni, na kutojua huko kunanichoma hadi leo.

Sikumwambia neno, maana ningefungua mdomo ningempiga. Nilifungasha hedifoni, nikapanda basi la Kongwa.

Baba mdogo alinionyesha kigoda bila salamu. Nikamwomba kitu kimoja tu, azivae zile hedifoni nilizokuwa nimevaa siku ile. Nikazichomeka kwenye simu yangu, nikafungulia rekodi ya mkutano, nikasimama nyuma yake na kupiga hodi kwa nguvu zangu zote.

"Karibu! Karibu!" Mama mdogo alitoka jikoni mbio, unga mikononi. "Nani huyo anapiga hodi hivyo?"

Mumewe alikuwa bado ananitafuta kwa macho mbele yake. Alipomwona mkewe anaongea, akazivua taratibu, akazigeuzageuza mkononi. Mama mdogo akamweleza alichosikia. Mzee akachukua simu yake, akampigia Hilda, akaweka spika.

"Hilda mwanangu. Siku ile nilipokuja, una hakika dada yako alinisikia?"

Pamoja na hasira zangu zote, nilikuwa namwombea. Sema hukumbuki. Sema ulighafilika, nitakusamehe.

"Alikusikia, baba," Hilda akasema, sauti tulivu kabisa. "Hata aligeuka akakuchungulia ulipokuwa unaondoka. Akacheka."

Baba mdogo alikata simu bila kuaga.

"Fungu lako lipo, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Nilitaka kumjibu kwamba nimekula. Badala yake nikaangua kilio, kilio kama cha siku tuliyomzika baba, ila siku ile Hilda ndiye aliyenishika nisianguke.