Kichungulio Kisichoona Pipa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, saa nne asubuhi, ndani ya choo kipya cha ofisi. Naandika choo kwa sababu ni choo. Wenyewe waliandika "Kituo cha Usafi wa Watumishi", kibao kikawa kirefu kuliko mlango.

Mkurugenzi alikuwa afungue bomba, maji yatoke, mimi, mpiga picha wa ofisi, nipige picha, itundikwe mapokezi wakubwa wa juu waione. Shida ni moja, maji hayakuwepo. Mabomba waliyafunga, lakini kuyaunganisha na la barabarani hakuna aliyekumbuka, na wote wana vyeti. Basi wakaleta pipa la bluu, wakalipandisha juu ya meza pembeni ya sinki, wakachomeka mpira wenye matawi mawili, moja likaingia nyuma ya bomba, la pili la kunyonyea. Mpira wenyewe mfupi, kwa hiyo pipa halisogei. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ni mfagizi pale. Yeye akapewa kazi ya kuunyonya mpira ili maji yaanze kutembea.

Chumba kile ukirudi nyuma hatua moja unakalia sinki la choo. Ndiyo maana nilifunga lenzi pana. Kamera yangu ni ya kizamani: unachungulia kwenye kidirisha chake, unazungusha lenzi mpaka zile sura mbili za mtu ziungane kuwa moja, hapo unajua picha haitakuwa na ukungu. Lakini kidirisha hicho hakijui umefunga lenzi gani. Lenzi pana inaona ukuta hadi ukuta, chenyewe kinakuonyesha katikati tu. Wenzangu huchomeka juu ya kamera kichungulio kingine, kijidude cha kuonyesha upana wote. Mimi sikuwahi kununua. Nilikuwa na mke.

Alikuwa anasimama pembeni ya watu, ananyoosha mkono. "Mume wangu, mwisho wako hapa. Yule mama wa gauni la kijani umemwacha nje." Hakukosea hata mara moja. Mwezi wa pili akaugua, tukaambiwa daktari yuko semina, turudi akimaliza. Semina ikawa ndefu kuliko yeye.

Basi Jumanne ile nikachungulia peke yangu. Nikamwona Mkurugenzi, bomba, maji. Nikafyatua. Picha nikaisafisha, nikaiweka kwenye fremu, nikamkabidhi mtunza stoo bila kuitazama vizuri, maana miwani yangu nayo ina mambo yake. Mtunza stoo hakutazama kabisa, akaitundika. Kushoto Mkurugenzi anatabasamu. Kulia pipa zima, na shemeji amefumba macho, mashavu yamebonyea, mpira mdomoni. Wakubwa wa juu walipokuja walilitazama pipa muda mrefu kuliko walivyomtazama Mkurugenzi.

"Shemeji," akaniambia yule dada, "miaka yote nakuomba picha unasema filamu imeisha. Siku unanipiga, nanyonya mpira."

Mkurugenzi akatuita wote wawili. Nikamwambia picha inaweza kukatwa ukingo mmoja.

"Mimi sikatwi."

"Hukatwi wewe, Mkuu. Linakatwa pipa."

"Leo pipa, kesho nani?"

Akaamuru picha irudiwe, na bomba lifunguliwe upya kama vile halijawahi kufunguliwa. Pipa likionekana tena, mimi na shemeji tutafute kazi kwingine. Nilipomweleza kwamba sina kichungulio cha upana, akanituma na mtunza stoo tukakichague, kwa kuwa vifaa vyote lazima vipitie stoo. Hata dawa ya mke wangu ingepita stoo ningekuwa bado naisubiri, lakini hayo tuyaache.

Fundi wa kamera alitandika kitambaa, akaweka vitatu. Cha kwanza vipande viwili vya waya wa pembe nne, hakina kioo. Unaona hata ukiwa na miwani, ila ukiinamisha kichwa kidogo tu umeshadanganywa. Cha pili cha kioo, kina mistari ing'aayo ya kuonyesha mwisho wa picha. Nikiwa na miwani siuoni ukingo wa kulia. Nikivua miwani ukingo nauona, ila sijui ni ukingo wa nini. Cha tatu kidogo, kizuri, kimefungwa kwenye kimfuko cha ngozi.

"Usitazame ngozi," fundi akasema. "Tazama namba. Lenzi yako ishirini na moja, hiki cha kioo ishirini na moja. Hicho cha ngozi ni cha thelathini na tano."

"Thelathini na tano ni kubwa," mtunza stoo akasema. "Sisi ni ofisi kubwa."

"Bwana, namba ikipanda, upana unapungua."

"Nani aliamua hivyo?"

Fundi akanitazama. Nikatazama kitambaa. Mtunza stoo akasema tutavichukua vyote kwa majaribio.

Tukajibana chooni. Shemeji akapanda kwenye nafasi yake, mpira mdomoni. Mkurugenzi akavaa tabasamu, akalivua, akaja kuchungulia mwenyewe, mtunza stoo akimshikia nafasi kwenye bomba.

Cha waya. "Naona pipa."

Cha kioo. "Naona pipa, tena vizuri. Hiki kibaya sana."

Cha ngozi. Akakaa nacho muda. "Pipa hakuna."

"Nilisema," mtunza stoo akasema kutoka kwenye bomba. "Ofisi kubwa."

Wakapongezana. Mkurugenzi akasema siku zote alijua tatizo ni vifaa, si uongozi. Mimi nilikuwa nimekichomeka kile cha kioo, nimevua miwani. Nikauona mwisho wa kulia, palepale ambapo mke wangu angesimama. Pamesimama kitu cha bluu, pipa.

"Chomeka kilichoteuliwa," Mkurugenzi akasema.

Nikakichomeka. Ndani yake kila kitu safi: Mkurugenzi, bomba, vigae. Nikajua pia lenzi inaona nini. Kidole kiko juu ya kitufe, na kazi za watu wawili ziko chini ya kidole. Nikinyamaza, tuna mshahara mpaka picha isafishwe. Nikawaza pia picha inaweza kuungua kwa bahati mbaya.

Shemeji akaondoa mpira mdomoni. Akanyoosha mkono pembeni ya pipa, kama dada yake alivyokuwa anafanya. "Shemeji, mwisho wako si hapa? Au ninyonye tena bure?"

Nikashusha kamera.

"Mkuu, kichungulio hakilioni pipa. Lenzi inaliona."

"Lakini tumechagua kisicholiona."

"Ndiyo. Lenzi haikuambiwa."

Tabasamu likamtoka. Akaitazama kamera kama anavyomtazama mtumishi aliyechelewa kazini, kisha akamgeukia mtunza stoo. Mtunza stoo akatazama viatu vyake. Mpira ukaanza kutoa maji wenyewe, yakamwagikia soksi za ofisi nzima, hakuna aliyesogea.

Sijafukuzwa, wala sijarudishwa kazini. Shemeji vivyo hivyo: anakuja asubuhi, ananing'iniza mpira begani, anasubiri. Tumeambiwa hatima yetu itajulikana swali la Mkurugenzi likipatiwa jibu, nalo linatembezwa mlango hadi mlango, kila mmoja analipeleka kwa mwenzake: hiyo lenzi iko chini ya idara gani?