Ndoo Chini, Mikono Juu

Kinyozi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kupenda sifa. Alipopita tena bila kupingwa kuwa mwenyekiti wa wapangaji, alimwita mchora mabango amwandikie mlangoni kwa rangi nyekundu: MWENYEKITI, UNOPPOSED. Kiswahili alikiona hakimtoshi, maskini.

Mkewe, mwalimu wa Kiingereza, alirudi kazini, akayasoma maandishi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unajua maana yake, baba watoto?"

"Kwamba wote wananipenda."

"Kwamba hakuna aliyekupinga, basi. Hata mbuzi akivuka barabara tupu ni *unopposed*. Kupendwa kuna neno lake."

Lilimchoma. Jioni ile alimnyoa mteja nusu kichwa, akaanza kufagia.

"Kama hawanitaki," alimuuliza mkewe, "mbona hakuna aliyenyoosha mkono?"

"Unaitisha uchaguzi kwenye foleni ya maji. Kila mtu ana ndoo mkono huu na ndoo mkono huu, akiziweka chini nafasi yake imeliwa. Mkono wa kukupinga autoe wapi?"

Ni kweli, ndivyo walivyozoea. Asubuhi Kinyozi alifunga bomba, akaamuru ndoo zote chini. Alitaka kupendwa, na alitaka kujua leo leo.

"Anayenipinga anyooshe mkono."

Uwii, mikono! Fundi viatu, mjane wa ghorofani, hata shemeji yake anayenyolewa bure. Mkewe ndiye aliyetangulia.

"Hata wewe, mama watoto?"

"Si umetaka ukweli?"

"Hotuba zako zinatuchosha," mjane alimwambia. "Kwa maji tu, unahutubia kama unaapishwa."

Macho yalimwasha Kinyozi, akasingizia vumbi.

"Sawa. Nani achukue nafasi? Kazi mnaijua. Kupanda paani, kuingia kwenye tangi, kusugua ule ute, kutoa panya waliokufa."

Mikono ilishuka. Fundi viatu alikumbuka goti lake bovu. Shemeji alikumbuka safari. Mmoja mmoja waliinama, wakaokota ndoo zao, wakaangalia bomba.

Kinyozi alilifungua, wakachota mpaka tangi likakauka, kisha akaenda kuchukua ngazi. Mkewe aliishika kwa chini, kama siku zote.

"Lile neno la mlangoni nilifute?" aliuliza akiwa katikati.

"Liache. Matumizi ni sahihi."

Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka, akaingia ndani ya tangi.