Chumba cha Pasi

Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, ting, ting, ting, na nje bado giza. Nikafungua jicho moja. Mjukuu wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakoroga chai ambayo hata sukari hajaitia, midomo inamcheza kama mtu anayesali. Mwanawe alikuwa amelala ubavuni kwangu, ngumi mdomoni.

"Mke mwenza," nikamwambia, "hiyo chai imekukosea nini?"

"Leo ndiyo leo, Bibi. Nikiteleza neno moja tu, walimu watanila nyama."

"Nyama ipi? Utawavunja meno bure."

Akacheka, akaenda kuoga. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia kwa muda mrefu.

Muhula ule nilikuja kukaa naye ili nimlelee mtoto, apate kumaliza chuo. Bwenini watoto wachanga hawakuruhusiwa, basi tulipanga chumba nyuma ya ukuta wa chuo, chumba kimoja chenye dirisha la kutazama kamba za nguo za watu. Kila asubuhi aliniachia mtoto akaenda kwenye bweni la wasichana kufanya utafiti. Nilimuuliza ni utafiti wa nini. Wa siasa, akasema. Nikashika kichwa.

"Siyo za majukwaani, Bibi. Siasa za kila siku. Nani anamwachia nani bomba la maji. Nani akiingia chumbani wenzake wananyamaza. Nafua nao, nakaa nao, nasikiliza."

"Kumbe kukaa na kusikiliza nako kuna shahada? Basi mimi profesa tangu sijavunja ungo!"

Mlezi wa bweni lile wanafunzi walimwita Mama Funguo. Alikuwa mwanamke mnene, mwendo wa taratibu, na kitita cha funguo kiunoni kilichomtangulia kila aendako. Jioni, akitoka kazini, alipitia kwetu. Hakuna aliyemtuma. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono: "Nipe huyo mume wangu. Wewe nenda kaoge, maji yasipoe." Nami nilioga bila haraka, nikajipaka mafuta mpaka visigino. Aliyewahi kulea mtoto na magoti kama haya yangu anajua hiyo ilikuwa zawadi gani.

Ni chumbani kwetu, akiwa amempakata mtoto, alipomsimulia mjukuu wangu habari za chumba cha pasi. Kila mwaka wako wasichana wanaokosa nafasi bwenini, na hawana ndugu karibu wala uwezo wa kupanga. Kwa taratibu za chuo, wanatakiwa waondoke. Mama Funguo aliwaachia wazi chumba cha kupigia pasi, wakalala chini ya meza. Bweni zima lilijua, bweni zima likanyamaza. Hata wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, wasichana wa kambi mbili walichaniana mabango mchana, hawasalimiani, kisha jioni hao hao wakabeba godoro moja kupeleka chumba cha pasi, huyu kashika kichwani, yule kashika miguuni. Na mkaguzi akitokea, Mama Funguo aliangusha funguo zake kwenye ngazi, kwacha! kana kwamba zimemponyoka, na huko juu watu na magodoro yao wakatawanyika.

"Naweza kuyaandika haya, Mama?" mjukuu wangu akauliza. Nilikuwepo. Aliuliza kwa adabu.

Mama Funguo akambembeleza mtoto kidogo. "Andika, mwanangu. Ilimradi usinitaje."

Siku ile ya chai isiyo na sukari ndiyo ilikuwa siku ya kuusoma utafiti, na alitualika sote wawili. Mama Funguo alikuja na gauni la buluu lenye marinda na viatu vinavyombana, funguo kamwachia mwenzake wa zamu. Ukumbi ulijaa wanafunzi. Mbele walikaa walimu, na pamoja nao mkuu wa mabweni, bwana mpole ambaye aliponiona nahangaika na benchi aliinuka mwenyewe akaniletea kiti chenye mgongo. Mama Funguo akampakata mtoto, tukangoja.

Mjukuu wangu akasimama. Lo, alisema vizuri! Hakutafuta neno, hakukohoa. Bweni alikuwa amelipa jina jingine. Wasichana wote amewapa majina mengine. Mama Funguo naye alimpa jina la Shangazi. Alipofika kwenye chumba cha pasi, nikamwona Mama Funguo pembeni yangu anainama mbele, anatabasamu, kama mtu anayesikia mwanawe akisifiwa.

"Na mkaguzi akija," mjukuu wangu akasoma, "Shangazi huangusha funguo zake kwenye ngazi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Mama Funguo huyo!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Wakapiga makofi. Wakageuka, wakamtafuta, wakamwona, wakampungia mikono. Walikuwa wanampenda. Hilo ndilo lililonikata maini: walimpenda kwa dhati, na kila kofi lilikuwa linamvua nguo.

Mkuu wa mabweni naye alicheka. Kisha nikaona mabega yake yametulia. Akageuka polepole, akamtazama mwanamke mwenye gauni la buluu. Kicheko kikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma, safu baada ya safu, mpaka nikasikia pumzi za mtoto.

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa Mama Funguo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akanipa mtoto, akimshika shingo asiamke.

"Mshike, Bibi," akasema, akatoka.

Kule mbele mjukuu wangu alikuwa mdomo wazi. Alikitazama kiti kitupu, akanitazama mimi, akautazama mlango. Ndipo alipoelewa. Aliendelea kusoma kwa sababu karatasi zilikuwa mbele yake, lakini ile haikuwa sauti yake. Walimu walimpa alama za juu.

Asubuhi iliyofuata chumba cha pasi kilikuwa na kufuli jipya. Wasichana waliambiwa wafungashe. Mama Funguo aliitwa ofisini akarudishe funguo, na kabla ya adhuhuri hakuwa na kazi.

"Sikumtaja, Bibi!" Mjukuu wangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Nilibadilisha kila jina. Kila jina! Sikumtaja!"

"Hukumtaja, mama. Ulimchora."

Alikwenda kwa mkuu wa mabweni, akaenda tena, na tena. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa taratibu ni taratibu. Basi akazunguka kuwatafuta wale wasichana. Watatu aliwapata, akawaleta kwetu, tukalala kama dagaa. Wa nne alishaondoka, na hakuna aliyejua kaelekea wapi.

"Nitamtumia Mama Funguo ujumbe wa kumwomba radhi," akaniambia.

"Miguu unayo," nikamjibu.

Tukaenda. Tulimkuta nyumbani kwake akichambua maharage. Aliinuka kutupokea, nikaona kanga aliyojifunga imechanika kwa kusuguliwa pale kiunoni, mahali funguo zilipokuwa zikikaa miaka yote. Akampokea mtoto. Mjukuu wangu akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, yakamkatikia katikati. Mama Funguo hakumsaidia.

"Nilisikia nasemwa vizuri," akasema mwishowe, akimwangalia mtoto. "Sikuwahi kusemwa vile. Nikasahau kwamba tuko mbele za watu."

Mjukuu wangu akafunika uso.

"Wale watoto wanalala wapi?"

"Watatu wako kwetu. Wa nne sijampata."

"Yule mwembamba?"

"Ndiye."

Mama Funguo akafumba macho. Maharage yalikuwa yamemwagika mkekani, nikayakusanya, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

Tulipoaga alitusindikiza mpaka mlangoni, mtoto bado yuko begani kwake. "Njoo tena, Bibi," akasema. "Njoo na huyu mume wangu."

Mjukuu wangu alishatangulia nje, kichwa chini.

"Na wewe," Mama Funguo akamwita.

Akageuka.

"Na wewe uje. Ukimpata yule mwembamba, uje naye." Akanipa mtoto, akaitengeneza kofia yake vizuri. "Usipompata, uje vilevile."