Fito na Udongo

Januari 1984, mjini Ibra, Omani, boriti za mwaloni zilizoletwa kutoka Uingereza zilisimamishwa juu ya msingi wa mawe. Msanifu wa jengo, Shukriya binti Nadhir, alikagua kila kiungo mwenyewe. Hakukuwa na msumari. Mti ulishikana na mti kwa vigingi, kama walivyojenga Waingereza wa kale.

Mwenye nyumba, Bwana Thuwaini, aliiona ya namna hiyo Devon, huko Uingereza, akaitamani. Ndiye aliyemkataza mwanawe Turki kumposa Shukriya, akasema mbele ya watu: "Aliyezaliwa Pemba katika banda la udongo haingii kwangu." Turki akaozwa kwengine. Shukriya akaenda kusoma, akarudi na shahada, na maneno yale akarudi nayo.

Wenzake katika ofisi iliyopewa kazi na Thuwaini walidhani atamharibia. Hakumharibia. Mafundi walipotaka kujaza matofali ya saruji baina ya nguzo, aliwazuia.

"Bwana anataka ya asili."

Zikasukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Paa lenye mteremko mkali likaezekwa kwa manyasi.

Siku ya kuhamia, jamaa walialikwa. Bi Ghaniya, mzee wa Kipemba asiyekosa karamu, aligonga ukuta kwa kidole, akamwuliza Shukriya:

"Mwanangu, humu mna nini?"

"Fito, bibi. Na udongo."

"Na samadi je?"

"Imo. Bila samadi udongo hupasuka."

Bi Ghaniya akamgeukia mwenye nyumba. "Hongera, baba. Umekwenda mpaka Uingereza kutafuta banda? Si ungekuja kwetu Wete, ungepewa bure."

Wanawake walicheka hadi kahawa ikamwagika.

"Hii ni kotej ya Kiingereza," alisema Thuwaini.

"Ndiyo, mjomba," Shukriya akajibu taratibu. "Kwa Kiswahili, banda la udongo. Nami leo nimeingia."

Machi, tangi lilikauka. Shukriya alikuwapo, amekuja kukagua nyufa, Thuwaini alipompigia simu Hashil, dereva wa gari la maji. Alimweleza kotej, Hashil hakuijua. Akamweleza msikiti, mitende, barabara ya vumbi. Kisha Hashil akamwuliza kama ni ile ya fito na udongo. Thuwaini alimtupia Shukriya jicho, akageuza uso ukutani.

"Ndiyo," alisema. "Hapo hapo. Bandani."

Gari la maji lilifika kabla ya adhuhuri.