Bahari Mgongoni mwa Bibi

Kama fremu isingeanguka ukutani, Shangazi asingeitia kapuni na kuja nayo karakana, na sisi leo tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini ilianguka, ikaachia kona mbili, na asubuhi hiyo Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani, akimwangalia mpwa wake kwa jicho la "ukikwaruza tu, utanitambua."

Mpwa mwenyewe walimwita Mama Wino, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kuwa safi tangu aanze kazi ya kuchapa picha kwa mabamba ya kuchongwa. Fremu alitengeneza ili kupata riziki tu. Hii aliishika kwa adabu zote, maana ndani yake alikuwamo bibi yake, mama mzazi wa Shangazi, aliyefariki siku chache baada ya kumzaa. Babu alikuwa mchoraji wa mabango. Alimchora mkewe juu ya bamba la shaba alilolipata kwa wauza vyuma chakavu, na picha nyingine ya yule mama haikuwahi kuwapo duniani.

Mama Wino aling'oa misumari, akaondoa ubao wa nyuma, akapuliza vumbi. Akainama karibu. Halafu akapiga ukelele hadi Shangazi akaangusha mkoba.

"Salale! Shangazi, njoo! Njoo uone!"

"Umemkwaruza?"

"Nani amkwaruze! Bibi ana bahari mgongoni!"

Na kweli ilikuwa bahari. Nyuma yote ya bamba ilichongwa mistari myembamba kama unywele: ukingo wa pwani, mafungu ya mchanga kwa vitone, tarakimu ndogondogo za kina cha maji, dira yenye ncha nyingi, na nyangumi mmoja mnene aliyechongwa na mtu ambaye, bila shaka yoyote, hakuwahi kumwona nyangumi. Majina yote yaliandikwa kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo, kwa kuwa bamba huchongwa ili lichapwe, na likichapwa herufi hujigeuza zenyewe. Upande mmoja pwani ilikatika ghafla. Mstari unakwenda, unakwenda, halafu basi. Mabaharia walipoishia kuona, na mchongaji naye aliinua mkono wake hapo hapo. Hakutaka kusema uongo.

Mama Wino aliliinua bamba kwenye mwanga. Ramani za namna hii alikuwa ameziona vitabuni tu, za zama zile watu walipoipima bahari kwa kushusha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mpaka kiguse chini. Sasa bamba lenyewe, zima, lilikuwa mikononi mwake!

"Karatasi niloweke," alisema, akizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Wino uko wapi, huu hapa, mashine..."

"Mashine ipi?" Shangazi aliuliza.

Wote wawili waligeuka kuitazama. Rola mbili nene za chuma, moja juu ya nyingine, zinazobana bamba na karatasi mpaka wino utoke mistarini. Kinachopita katikati hutoka kimekamuliwa. Na upande wa pili wa bamba rangi za babu zilikuwa zimekauka kama ganda la yai.

"Thubutu," alisema Shangazi.

"Nitamwekea blanketi laini..."

"Hata ukimwekea godoro! Wewe bibi yako ulisimuliwa, mwanangu. Mimi mama yangu ndiye huyo. Sikuwahi hata kumshika mkono. Leo umtie kwenye hicho kinu?"

Mama Wino akaiacha mashine. Lakini Shangazi alipokwenda msalani, alibaki yeye, bamba, mashine na shetani wake. Mara moja tu, nani atajua? Akaligeuza bamba. Bibi akamtazama, shavu moja limevimba kidogo kama la mtu anayezuia kicheko. Loo, aibu iliyompata! Aliliweka bamba mezani haraka, akasogea mbali nalo.

Ndipo macho yake yalipoangukia mfuko wa unga wa plasta rafuni, ile ile wanayofungia miguu iliyovunjika. Yeye huitumia kuziba kona za fremu. Alikimbia hadi mlango wa choo, akaupiga kwa viganja bila haya.

"Shangazi, toka! Hatubani kitu! Tunamwaga!"

"Ala! Mtu hapewi nafasi hata ya kujisaidia," Shangazi alinung'unika, akatoka akisikiliza. Wino unapakwa, unafutwa juu, unabaki ndani ya mistari. Kisha plasta iliyokorogwa na maji inamwagwa juu yake, inapenya yenyewe, inaganda, inatoka na wino wake. Hakuna rola, hakuna kukamua.

"Umewahi kufanya?"

"Kwa kibamba kidogo. Kikatoka!"

Shangazi alikunja mikono ya nguo yake. "Haya. Lakini mimi nitamshika."

Basi bamba likalazwa juu ya miti miwili, bahari juu, Bibi chini akiwa hagusi meza. Shangazi akapenyeza kiganja, akakilaza kwenye uso wa mama yake. "Akidondoka," alisema, "atadondokea kwangu."

Plasta ikamwagwa, ikatandaa. Mama Wino hakuweza kutulia; alirukaruka, alichungulia, alinyoosha kidole, akakirudisha.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," Shangazi alimkemea.

"Wewe," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Ana joto."

"Nini?"

"Shavu lake. Lina joto, kama la mtu."

Plasta ikiganda hupata moto kidogo, na shaba hupitisha joto lote upande wa pili. Mama Wino alilijua hilo vizuri. Alifungua mdomo aeleze, akayameza maneno yake, akamsogezea Shangazi kigoda akae vizuri.

Ilipopoa, aliinua plasta polepole. Bahari ikatoka! Nyeupe pee, mistari myeusi tii, majina yamenyooka, nyangumi na unene wake, pwani imekatika pale pale. Mama Wino alipiga vigelegele, machozi yakimtoka. "Tazama, Shangazi! Tazama!"

Shangazi hakutazama. Mkono wake ulikuwa bado chini ya bamba.

"Imetoka vizuri?"

"Vizuri mno!"

"Hakuna palipokosea?"

"Hata nukta!"

"Mimi naona pamekosea," alisema Shangazi, akijiweka sawa kwenye kigoda. "Mwaga nyingine."